Zizi la Mafahali Wawili

Mkutano ulioandika Katiba ya Marekani ulitakiwa kuanza tarehe 14 Mei 1787. Siku hiyo, katika Jumba la Serikali la Pennsylvania mjini Philadelphia, walionekana wenyeji na watu wa Virginia tu. Wengine walikuwa bado njiani, kwa farasi na magari ya kukokotwa, kwenye barabara zilizoharibiwa na mvua. Akidi ya majimbo saba ilitimia tarehe 25. Lakini mjumbe mmoja wa Virginia alikuwa mjini tangu tarehe 3. James Madison alikuwa na umri wa miaka 36, mfupi wa kimo, na alikuja na mzigo wa karatasi.

Nataka tuzitazame karatasi hizo kwanza, kwa sababu seremala unaanza kumjua kabla hajashika tezo, pale anapochagua mti. Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi mjini Paris, alikuwa amemtumia vitabu kwa wingi. Madison alivisoma akiwa na swali moja: watu waliowahi kuunganisha majimbo yao, muungano wao uliharibikia wapi? Aliwapitia Walikia wa kale, Wagiriki wa Akaya, Waswisi, Waholanzi, Wajerumani. Kwa kila muungano aliandika ulifungwaje na nani alikuwa na mamlaka gani, kisha akaandika dosari zake. Mwezi Aprili 1787 akaandika na orodha ya dosari za nchi yake mwenyewe.

Zilikuwa nyingi. Chini ya Mkataba wa Shirikisho ulioanza kutumika mwaka 1781, Bunge la muungano liliweza kuyaomba majimbo fedha lakini halikuweza kuyatoza. Lilikuwa na deni la vita na halikuwa na chanzo cha kulilipa. Lilipopendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje, jimbo dogo la Rhode Island lilikataa, na kwa kuwa mkataba ulidai kila jimbo likubali, pendekezo likafa. Mwaka 1786 wakulima wenye madeni huko Massachusetts walipoinuka wakazifunga mahakama, serikali ya muungano haikuwa na jeshi la kupeleka wala fedha ya kulilipa.

Sisi tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja, na historia yote aliyoisoma Madison ilikuwa ikiunga mkono methali hiyo. Ama fahali mkubwa aliwafukuza wenzake, ama wenzake waliubomoa ukuta wakatoka. Kazi iliyowakusanya watu wale ilikuwa kujenga zizi ambamo serikali mbili, ya taifa na ya jimbo, zingeishi juu ya ardhi ile ile na kuwatawala watu wale wale, bila moja kuimeza nyingine. Walifika wajumbe 55 kwa jumla, kutoka majimbo 12. Rhode Island haikutuma mtu.

Kabla ya kuanza kujenga walitengeneza kanuni za kazi. Milango ilindwe, na hakuna linalosemwa ndani litakalotoka nje. Kila jimbo lipige kura moja. Hizo ndizo zinazotajwa sana. Mimi navutiwa zaidi na mbili nyingine ambazo wasomaji wengi huzipita. Rufus King wa Massachusetts aliomba majina ya wapiga kura yasiandikwe kwenye kumbukumbu rasmi, na George Mason akamuunga mkono: mtu akishaandikwa kwamba alisema ndiyo, ataona aibu kesho kusema hapana, hata kama usiku ule ameelimika. Na Richard Spaight wa North Carolina akaomba kanuni ya kuruhusu jambo lililokwisha kuamuliwa lifunguliwe tena. Zote mbili zilikubaliwa. Watu wenye kiburi chao, wengi wao matajiri waliozoea kutiiwa, walijiwekea mapema nafasi ya kukosea. Bila kanuni hizo mbili, sidhani kama kazi ingefika mwezi Agosti.

Madison alichagua kiti cha mbele, mkabala na mwenyekiti George Washington, wenzake wakiwa kulia na kushoto kwake, ili asikie vizuri. Akaandika. Mchana aliandika kwa vifupisho vyake, jioni akakaa kuvigeuza kuwa sentensi kamili. Hakukosa hata siku moja, tangu Mei hadi Septemba, madirisha yakiwa yamefungwa kwenye joto la kiangazi. Baadaye alisema kazi ile nusura imuue. Maandishi hayo hayakuchapishwa hadi mwaka 1840, miaka minne baada ya yeye kufa. Ndiyo yanayotuwezesha leo kusimama mlangoni mwa karakana ile na kuwatazama.

Tarehe 29 Mei gogo liliingizwa ndani. Gavana wa Virginia, Edmund Randolph, aliwasilisha maazimio 15 ambayo kwa sehemu kubwa yalitokana na fikra za Madison. Yalitaka mihimili mitatu, Bunge, utendaji na mahakama. Bunge lenye nyumba mbili, zote zikigawiwa viti kwa idadi ya watu au mchango wa fedha. Na uwezo wa Bunge hilo kufuta sheria za majimbo.

Namna walivyolichonga inastahili kuelezwa. Kila asubuhi mkutano ulijigeuza kuwa Kamati ya Mkutano Mzima. Watu walikuwa wale wale, ukumbi ule ule, ila Washington alishuka kwenye kiti chake na Nathaniel Gorham akakikalia. Kura zilizopigwa humo zilikuwa za majaribio. Azimio lilisomwa, likajadiliwa, likapigiwa kura, likawekwa kando, likafuata lingine. Walipomaliza yote, Washington alipanda tena kitini, na watu wale wale wakaanza upya kutoka la kwanza, safari hii kwa kura zinazohesabika. Yaani walikata kwa shoka, kisha wakapitisha randa palepale walipokata.

Ungio gumu kuliko yote lilikuwa la nyumba za Bunge. Majimbo makubwa yalitaka viti kwa idadi ya watu. Wajumbe wa Delaware walikuwa wamekatazwa na jimbo lao kukubali chochote kinachoondoa usawa wa kura. Tarehe 11 Juni Roger Sherman wa Connecticut, mtu aliyeanza maisha kwa kushona viatu, alipendekeza kwamba nyumba moja ifuate idadi ya watu na ya pili ilipe kila jimbo kura sawa. Akashindwa kwa kura sita dhidi ya tano. Hakugomba. Tarehe 15 William Paterson wa New Jersey alileta mpango mwingine kabisa wa majimbo madogo, nao ukashindwa. Tarehe 2 Julai kura ya usawa katika Seneti ikarudi, ikatoka tano kwa tano, Georgia ikiwa imegawanyika katikati. Wakaunda kamati ya mjumbe mmoja kutoka kila jimbo, wakapumzika kwa ajili ya sikukuu ya uhuru, wakarudi. Tarehe 16 Julai lile wazo la Sherman lilipita kwa kura tano dhidi ya nne, Massachusetts ikigawanyika. Boriti inayobeba paa la muungano ule ilishikishwa kwa kura moja, siku 35 baada ya kukataliwa mara ya kwanza.

Siku saba baadaye walilisawazisha lile ungio. Kila jimbo lipewe maseneta wawili, na kila mmoja apige kura yake mwenyewe. Kwa juujuu ni jambo dogo. Lakini tazama linavyofanya kazi: jimbo limepata usawa wake, na papo hapo halikupata sauti moja ya kuizuia nchi, kwa kuwa maseneta wake wawili wanaweza kupingana. Seneti ni ya majimbo kwa viti na ya taifa kwa kura. Luther Martin wa Maryland, mtetezi mkali wa majimbo, aliliona hilo upesi akalipinga, akashindwa.

Madison alikuwa ameshindwa tarehe 16. Tarehe 17 akashindwa tena, na safari hii kwenye jambo alilolithamini kuliko mengi: uwezo wa Bunge la taifa kufuta sheria za majimbo. Wenzake waliona kwamba huko ni kumfunga fahali mmoja kamba na kumpa mwenzake ncha ya kamba. Kilichofuata siku hiyo hiyo ndicho ninachokirudia kukisoma. Luther Martin, huyo huyo, alisimama akaleta kifungu: sheria na mikataba ya muungano iwe sheria kuu ya kila jimbo, na majaji wa majimbo wafungwe nayo. Kilipita bila kupingwa. Kilitoka katika ule mpango wa New Jersey uliokuwa umekwisha kukataliwa. Kipande kilichotupwa pembeni mwezi Juni kiliokotwa Julai, kikapimwa, kikaingia mahali pake sawasawa.

Na kilikuwa bora kuliko alichotaka Madison. Kwa mpango wake, wanasiasa wa taifa wangekaa wakipekua sheria za kila jimbo, wakifuta wasizozipenda. Kwa kifungu hiki hakuna anayefuta kitu mpaka pawe na kesi. Mtu aliyedhulumiwa anakwenda mahakamani, na jaji, mara nyingi jaji wa jimbo hilo hilo, anaweka sheria mbili mezani na kusema ipi inatangulia. Ugomvi wa serikali mbili umegeuzwa kuwa swali la kisheria kati ya watu wawili wenye majina. Baadaye kifungu kilipokuwa kikikazwa, Katiba yenyewe iliwekwa mwanzoni mwake, ili hata sheria ya taifa isihesabike kuwa kuu kama haikutungwa kwa kuifuata.

Tarehe 26 Julai mkutano uliahirishwa kwa siku kumi. Washington alikwenda kuvua samaki karibu na Valley Forge. Watu watano walibaki na kazi: John Rutledge, Randolph, Gorham, Oliver Ellsworth na James Wilson. Walikuwa na rundo la maazimio. Walitakiwa kurudi na rasimu.

Rasimu ya awali iko kwa mwandiko wa Randolph. Juu kabisa amejiandikia masharti mawili: yaingizwe mambo ya msingi tu, ili yaliyopaswa kubadilika na nyakati yasigandishwe, na lugha iwe nyepesi na sahihi. Katikati ya mistari yake umo mwandiko wa Rutledge, akisahihisha na kuongeza. Na kila kipengele kina alama ya kukatwa, kuonyesha kwamba kimekwisha kuhamishiwa kwenye rasimu inayofuata, ile ya Wilson. Hakuna kilichoachwa kuangukia njiani.

Hapo ndipo walipofanya jambo kubwa la kazi nzima, tena kimyakimya. Mkutano ulikuwa umewapa sentensi pana: Bunge litunge sheria katika mambo yote yenye maslahi ya jumla ya muungano, na pale majimbo yanaposhindwa. Sentensi ya namna hiyo haina ukuta. Nani ataamua jimbo limeshindwa? Wale watano waliivunja wakaandika orodha mahali pake. Katika Katiba iliyomalizika orodha hiyo ina vifungu 18: kutoza kodi, kukopa, kusimamia biashara na nchi za nje na kati ya majimbo, uraia, kufua sarafu na kuweka vipimo, posta, haki za wavumbuzi na waandishi, mahakama za chini, vita, jeshi, wanamaji. Baada yake kuna orodha ya pili, ya mambo ambayo jimbo haliruhusiwi: kufanya mikataba na mataifa, kufua sarafu, kutunga sheria ya kuadhibu tendo lililopita. Na lile ambalo halimo popote, kama ndoa, ardhi, shule, jinai za kawaida, linabaki lilipokuwa, jimboni. Kodi wanatoza wote wawili. Mwisho wa orodha kuna kifungu kinacholiruhusu Bunge kutunga sheria zinazohitajika na zinazofaa kutekeleza hayo yaliyotajwa, na juu ya maneno hayo mawili wanasheria wa Marekani wamebishana kwa zaidi ya miaka 200.

Sisi huku tunalijua jambo la orodha kwa uzoefu. Tanzania si shirikisho la namna hiyo, lakini Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964 na leo ni 22 katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Sehemu kubwa ya mjadala kuhusu Muungano imekuwa juu ya orodha hiyo: kipi kiliingia, lini, na kwa ridhaa ya nani. Kenya nayo ilionja majimbo mwaka 1963, ikayaacha mapema, na mwaka 2010 ikakaa tena kuandika kazi za serikali kuu na kazi za kaunti 47. Aliyewahi kusikia kaunti na wizara zikivutana juu ya hospitali anaelewa kwa nini watu watano walijifungia siku kumi kutafuta maneno.

Rasimu yao yenye ibara 23 ilichapwa na Dunlap na Claypoole, kwa siri, ikiwa na pambizo pana ili kila mjumbe aandike masahihisho yake. Kuanzia tarehe 7 Agosti walianza kuipitia ibara kwa ibara, saa nyingi kwa siku. Ngoja nionyeshe siku moja tu.

Tarehe 17 Agosti walifika kwenye maneno yaliyolipa Bunge uwezo wa kufanya vita. Charles Pinckney wa South Carolina aliona Bunge zima ni zito mno kwa kazi hiyo, afadhali Seneti. Pierce Butler, wa jimbo hilo hilo, akasema basi apewe Rais. Elbridge Gerry akashtuka: hakutegemea kusikia katika jamhuri hoja ya kumpa mtu mmoja uwezo wa kuanzisha vita. Yeye na Madison walikuwa wamekwisha kuleta hoja ya neno moja: badala ya kufanya vita, iandikwe kutangaza vita. Rais abaki na uwezo wa kuzuia shambulio la ghafla. King akaeleza kwamba neno kufanya lingeweza kueleweka kuwa ni kuendesha vita, na hiyo ni kazi ya mtendaji. Baada ya maelezo hayo Ellsworth akaacha pingamizi lake na Connecticut ikabadili kura. Sasa pima kilichotokea. Kwa kitenzi kimoja, vita vimegawanywa sehemu tatu: kuvianzisha kuko kwa Bunge, kuviongoza kuko kwa Rais, na kujikinga ghafla hakusubiri kikao. Mahali pengine wakaongeza kwamba fedha ya jeshi la nchi kavu haiwezi kupitishwa kwa zaidi ya miaka miwili, ili jeshi lisipate riziki bila kurudi kwa wawakilishi wa watu kuomba.

Mihimili mitatu waliisawazisha kwa vipimo vya namna hiyo. Mwakilishi miaka miwili, Rais minne, seneta sita, na theluthi tu ya maseneta hubadilishwa kila miaka miwili, hivyo upepo mmoja wa hasira hauwezi kuwang'oa wote kwa siku moja. Rais anaweza kuikataa sheria. Bunge linaweza kuipitisha tena juu ya kichwa chake kwa theluthi mbili. Hiyo theluthi mbili iligeuzwa kuwa robo tatu mwezi Agosti, ikarudishwa kuwa theluthi mbili tarehe 12 Septemba, kwa kuwa walipoigusa tena waliiona imekaza kupita kiasi. Hata mishahara waliipima. Mshahara wa Rais hauongezwi wala kupunguzwa akiwa madarakani, Bunge lisimnunue wala kumtia njaa. Wa majaji? Madison alitaka usiongezwe pia. Gouverneur Morris akakumbusha kwamba jaji anakaa kazini maisha na thamani ya fedha hubadilika. Madison akapendekeza upimwe kwa bei ya ngano. Mwishowe wakaandika kwamba hautapunguzwa, wakanyamaza kuhusu kuongezwa. Kimya hicho nacho kilipimwa.

Zizi hilo limejaribiwa kwa nguvu. Aprili 1952, wakati wa vita vya Korea, Rais Harry Truman aliamuru serikali ivishike viwanda vya chuma ili mgomo usisimamishe uzalishaji. Tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji sita dhidi ya watatu, kwamba hakuna sheria iliyompa uwezo huo. Mahakama haina askari. Truman alikasirika, akavirudisha.

Kuna mahali ambapo siwezi kuusifu ufundi huu, na nisipopasema nitakuwa nimedanganya. Walipofika kwenye utumwa, stadi ile ile ya maneno ilitumika kuficha ufa. Watumwa walihesabiwa kwa tatu ya tano katika kugawa viti, wakiitwa watu wengine. Bunge lilizuiwa kukataza uingizaji wao kabla ya mwaka 1808, wakiitwa watu ambao majimbo yataona vema kuwapokea, na ushuru usiozidi dola 10 kwa kichwa. Aliyetoroka alipaswa kurudishwa. Neno utumwa halimo. Madison, aliyemiliki watumwa, alisema ukumbini kwamba si sawa Katiba ikiri kuwa mtu anaweza kuwa mali. Wakakwepa neno na kulibakiza jambo. Mbao yenye mdudu ilipakwa rangi ikawekwa ukutani. Zaidi ya askari 600,000 walikufa katika vita vya 1861 hadi 1865 kabla ya marekebisho ya 13 kuing'oa.

Mwanzoni mwa Septemba kazi ilikabidhiwa kwa kamati ya lugha, na humo kalamu ilishikwa na Gouverneur Morris, mtu wa mguu wa mti aliyezungumza mara nyingi kuliko mjumbe yeyote. Kwa siku nne alizipanga ibara 23 zikawa saba. Utangulizi wa zamani uliyataja majimbo yote kwa majina, New Hampshire, Massachusetts na kuendelea. Morris aliyaondoa akaandika: Sisi watu wa Marekani. Kulikuwa na sababu ya kawaida kabisa. Katiba ingeanza kazi majimbo tisa yakiiridhia, na hakuna aliyejua yatakuwa yapi. Sentensi inayopendwa kuliko zote ilizaliwa kwa sehemu kwa sababu fundi hakutaka kuandika jambo asilokuwa na hakika nalo.

Nakala ya Morris pia ilikuwa na nukta mkato kwenye kifungu cha kodi, mahali ambapo ingeweza kuyafanya maneno ya ustawi wa jumla kuwa mamlaka mapya yanayojitegemea, na orodha yote ya mambo 18 ingekuwa bure. Mwaka 1798 Albert Gallatin alisimulia bungeni kwamba alama hiyo ilitiwa makusudi na kwamba mjumbe wa Connecticut aliigundua. Iwe makusudi au la, nakala ya mwisho ina mkato wa kawaida.

Tarehe 15 Septemba, Jumamosi, jioni ikikaribia, walikuwa bado wanakaza vifungu. Morris, safari hii kwa kuyasikiliza manung'uniko ya majimbo madogo, aliongeza katika ibara ya marekebisho kwamba hakuna jimbo litakalonyang'anywa usawa wake katika Seneti bila ridhaa yake. Ibara hiyo ndiyo mlango wa zizi: theluthi mbili ya kila nyumba kupendekeza, robo tatu ya majimbo kuridhia. Umefunguliwa mara 27. Marekebisho kumi ya kwanza, yaliyotokana kwa sehemu na Mason kukataa kutia sahihi Katiba isiyo na orodha ya haki, yaliridhiwa mwaka 1791, na la kumi linasema wazi kwamba mamlaka ambayo Katiba haikuukabidhi muungano wala kuyakatazia majimbo ni ya majimbo au ya wananchi. Jingine ambalo Madison alilipendekeza mwaka 1789 liliridhiwa mwaka 1992.

Jumamosi hiyo hiyo nakala ilipelekwa kwa Jacob Shallus, karani msaidizi wa bunge la Pennsylvania, aiandike kwa hati safi. Ilitakiwa Jumatatu. Shallus alikaa na kalamu ya unyoya, wino, na vipande vinne vikubwa vya ngozi iliyolainishwa, akaandika maneno zaidi ya elfu nne, mistari imenyooka, herufi za mwanzo zimenenepeshwa. Jumatatu tarehe 17 kazi ilikuwa mezani.

Wajumbe walikuwa tayari kutia sahihi, ndipo Gorham akasimama kuomba jambo la mwisho: mwakilishi mmoja awe kwa kila watu 30,000 badala ya 40,000, ili watu wasione wawakilishi wao ni wachache mno. Washington, ambaye kwa miezi minne hakuwa amesema neno lolote juu ya hoja, alisimama akaiunga mkono. Ilipita bila kupingwa. Shallus akakwangua neno arobaini kwenye ngozi, akaandika thelathini juu ya palipokwanguliwa. Pale mahali panaonekana mpaka leo.

Halafu likafanyika jambo ambalo kwangu ni sahihi ya ufundi wote wa ukumbi ule. Chini ya ukurasa wa nne, kando ya sahihi za watu 39, imeandikwa orodha ya makosa ya nakala: neno dogo limeongezwa kati ya mstari wa 7 na wa 8 wa ukurasa wa kwanza, neno thelathini limeandikwa kwa sehemu juu ya palipofutwa, mstari wa 15, maneno mawili yameongezwa kati ya mstari wa 32 na wa 33, neno lingine kati ya mstari wa 43 na wa 44 wa ukurasa wa pili. Atakayekuja asije akasema kuna mkono wa mtu uliopita baadaye.

Shallus alilipwa dola 30. Jina lake halimo katika kurasa zote nne.